Chungwa la Shule C

Baltimore, 6 Septemba 2022

Yareli Cantú,

Mimi ndiye niliyeangukiwa na jina lako. Mpango wetu huu humchukua mwanafunzi ambaye watu wa kwao ni wachache katika kazi ya kupima mifupa na meno, ukamkabidhi kwa mtu aliyetangulia, kisha ukawaambia waandikiane barua moja kila mwezi, kwa kalamu na karatasi. Aliyeuanzisha alikuwa mama mmoja mkaidi, aliyeamini kwamba kwenye simu watu husema "sawa, sawa" tu, lakini mtu akikaa mbele ya karatasi nyeupe huishia kusema ukweli. Tutaona.

Habari zangu ni fupi. Naitwa Lorraine Tibbs, nina miaka hamsini na minane, nafundisha anthropolojia ya kibiolojia hapa Baltimore. Udaktari wangu niliusomea hapo hapo Chuo cha Marlow ulipo wewe. Nilikuwa mtu mweusi pekee katika jengo lile, ukimtoa Bwana Odell mfagiaji, aliyekuwa akinitunzia kiti karibu na kipasha joto cha ghorofa ya pili. Kiti kile kilinisaidia kuliko semina zote.

Dk. Kessler wa maabara anasema umepewa zile chapa za meno za plasta, mia mbili na tatu, uzitie alama kwa ajili ya tasnifu yako. Nazijua. Basi shika haya. Utazipima zote mara moja. Utakaa wiki tatu bila kuzigusa. Kisha utazipima zote tena bila kutazama ulichoandika mwanzo, na tofauti kati ya raundi ya kwanza na ya pili ndiyo itakayotuambia kama jicho lako linaaminika. Na la mwisho: jino halina jina. Siku utakapomjua mwenyewe, weka kalamu chini, maana hapo hupimi tena, unapendelea.

Maombi ya masomo ya udaktari yanafungwa tarehe 15 Desemba. Barua ya kukupendekeza nitaiandika mimi, kwa hiyo nipe cha kuandika. Utaomba?

Lorraine Tibbs


Marlow, Indiana, 19 Septemba 2022

Daktari Tibbs,

Nimesoma barua yako mara tatu, halafu nikapanda ghorofa ya pili kukitafuta hicho kiti. Kipo. Kimewekewa kompyuta mbovu.

Mimi ni wa La Anacua, Texas, chini kabisa, mahali ambapo ukitema mate yanaweza kuangukia Mexico. Nimelelewa na bibi yangu, Eulalia, kwa sababu mama anaendesha lori na huonekana mara chache, kama mvua ya kwetu. Nyumbani nikisema nasoma anthropolojia wananiuliza inatibika au haitibiki. Bibi amewaambia majirani kwamba nasomea udaktari wa meno, na kila nikirudi likizo nakuta watu wamepanga foleni sebuleni, midomo wazi. Nimemweleza mara ishirini. Ananijibu, "Meno si meno?"

Umeniuliza kama nitaomba. Sijui, na sitaki kukudanganya. Hapa hakuna anayenitendea vibaya. Ila nipo peke yangu, na hukumbukwa siku ya kupiga picha za tovuti. Nikiona kwamba kazi hii ina nafasi ya watu wa kwetu mbali na ile ya kulala kwenye droo, nitaomba. Nikiona haina, nitakwenda kweli kusomea udaktari wa meno, ili angalau Bibi asiwe mwongo.

Jumamosi tulipeleka mafuvu ya plasta kwenye shule moja ya msingi mjini, kuwavutia watoto. Msichana mmoja wa darasa la tatu alilishika fuvu akauliza, "Mama yake anajua kama yuko hapa?" Nilimwambia hili ni plasta tu. Akasema, "Najua. Lakini lilitengenezwa kwa kumtazama mtu." Nikahamia meza nyingine.

Raundi ya kwanza nimemaliza. Kwenye namba 114 nilicheka peke yangu. Jino la pili la juu, upande wa kulia, lina kinundu kwa nyuma kilichojikunja kama ukucha wa jogoo. Mimi ninao, jino hilo hilo! Mama anao pia. Kwetu tunauita ukucha, na shuleni wenzangu walikuwa wakiniwikia asubuhi. Kumbe nina ndugu Indiana.

Yareli


Baltimore, 3 Oktoba 2022

Yareli,

Foleni ya sebuleni imenichekesha siku nzima. Mama yangu mimi alifariki akiamini nafanya kazi hospitalini, wodi ya mahututi, kwa sababu nilimwambia nashinda na watu wasiosema.

Yule msichana wa darasa la tatu usimkimbie. Ukirudi, mwambie hujui. Watoto humjua mwongo kabla hajafungua mdomo.

Kuhusu nafasi: nilipoanza mimi, watu weusi wote niliowajua katika kazi hii tungeweza kukaa meza moja ya chakula na viti vikabaki. Leo tunahitaji meza mbili. Hatukupewa nafasi, tulikaa tu tukakataa kuinuka. Na wewe kaa.

Hiyo 114 iache. Vinundu vya namna hiyo vipo kila pembe ya dunia, wala si dalili ya undugu. Usianze kutafuta mashangazi kwenye droo. Sasa kaa mbali na chapa hizo wiki tatu, kama tulivyokubaliana.

L. Tibbs


Marlow, 30 Oktoba 2022

Daktari Tibbs,

Raundi ya pili nimemaliza. Jedwali nimempa Dk. Kessler akutumie.

Nina swali moja. Kwenye droo moja pameandikwa "Shule C, 1967" na namba, basi. Shule C ni wapi? Dk. Kessler anasema yeye alizikuta hivyo hivyo. Nilifikiri labda wewe unajua, kwa kuwa ulikuwa hapa.

Nisamehe kwa ufupi wa barua. Nina mtihani.

Yareli


Baltimore, 12 Novemba 2022

Yareli,

Nimepokea jedwali. Mistari mia mbili na miwili imepimwa vizuri mno, jicho lako ni kali kuliko langu la umri huo. Mstari mmoja uko wazi. Namba 114. Raundi ya kwanza umejaza kila safu, raundi ya pili hakuna kitu, hata nukta.

Nitasema bila kuzungukazunguka. Watu kama sisi tukiacha mstari mmoja wazi, hawasemi fulani alichoka. Wanasema watu wale ni wavivu, na mwingine anayetufuata atafungiwa mlango kwa ajili ya mstari huo. Si haki, lakini ndivyo mchezo ulivyo. Mpimaji hachagui jino. Rudi ukaupime.

Shule C haijulikani ni wapi. Kumbukumbu za wakati ule hazikutunzwa.

Zimebaki wiki tano kabla ya maombi kufungwa na hujaniambia unaomba wapi.

L. Tibbs


Marlow, 18 Novemba 2022

Daktari Tibbs,

Chapa namba 114 imevunjika, ndiyo maana sikuipima.

Nakwenda nyumbani kwa Sikukuu ya Shukrani. Kuhusu maombi tutazungumza nikirudi, kama yatakuwepo ya kuzungumza.

Yareli Cantú


La Anacua, Texas, 27 Novemba 2022

Kwa Daktari Tibbs, anayemfundisha mjukuu wangu,

Mimi ni Eulalia Cantú, bibi yake Yareli. Naandika kwa lugha yangu, na katibu wa parokia ananiandikia kwa Kiingereza nyuma ya karatasi. Akikosea, tumlaumu yeye.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kitambaa cha kufutia vyombo, na ndani ya kitambaa kuna meno yangu. Usishtuke. Ni ya plasta. Ya kweli yalikwisha zamani, sasa hivi nina ya bandia na nikicheka sana yanataka kutoka kwenda zake.

Mwaka 1967 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Walikuja shuleni kwetu wanaume wawili na mwanamke mmoja kutoka kaskazini, wamevaa makoti meupe. Mwalimu akatuambia ni madaktari wa meno. Tukapanga foleni. Walitutia mdomoni uji mzito wa rangi ya waridi, wenye ladha ya dawa, wakasema usipumue kwa mdomo, usimeze, usilie. Rafiki yangu Chuy alimtapikia mmoja kwenye kiatu, na mpaka leo tukikutana sokoni namwambia, wewe ndiye mwanaume pekee aliyewajibu. Walipomaliza wakampa kila mtoto chungwa. Chungwa, Daktari! Sisi, ambao baba na mama zetu walikuwa wakichuma machungwa ya watu kuanzia Novemba hadi Machi. Nina hakika lilitoka kwenye shamba lile lile.

Wakati ule nilikuwa na gego linaloniuma hadi sikioni. Nilimwonyesha yule mwanamke kwa kidole. Akaniambia nisubiri, watarudi. Nikasubiri. Kila gari jeupe likipita nilikuwa natoka nje. Baadaye baba aliling'oa kwa koleo, na mama akalitupia panya juu ya paa, kama tunavyofanya kwetu, apokee alete jingine zuri. Sasa najua kulikuwa na panya mwingine, mkubwa, wa kaskazini, aliyechukua meno ya shule nzima na hakuleta kitu.

Yareli aliniletea plasta hii ndani ya soksi. Nilipoona ule ukucha nilicheka, halafu nikalia, kwa sababu nilikuwa sijamwona msichana yule miaka hamsini na mitano. Kisha nikamuuliza, "Nani kakupa?" Akaikunja soksi. Nikamwambia, "Katika nyumba hii vitu haviingii kwa soksi." Akasema, "Ni yako, Bibi!" Nikamwambia, "Ni yangu, na nataka nipewe. Sitaki niibiwe mara ya kwanza na mgeni, mara ya pili na mjukuu wangu."

Yamekaa siku mbili juu ya friji, karibu na sanamu ya Bikira Maria, majirani wakayaona. Sasa nayarudisha kwako kwa sababu mtoto anakuheshimu. Alikuwa akinisomea barua zako kwenye simu, hadi Oktoba. Tangu hapo nikimuuliza Daktari wako hajambo, anabadilisha mazungumzo. Sijui mmefanyiana nini, lakini mficha uchi hazai.

Nimeweka na chungwa. Ni lile la mwaka 1967, nawarudishia.

Eulalia Cantú


Marlow, 3 Desemba 2022

Yareli,

Nimekuja mwenyewe kwa gari moshi. Nimegonga mlango wako, mwenzako akasema umetoka, na viatu vyako vilikuwa hapo mlangoni. Sikulaumu. Naipitisha barua hii chini ya mlango.

Bibi yako ameniletea chapa namba 114 pamoja na chungwa. Jana nimeirudisha kwa Dk. Kessler mkononi. Nimemwambia ulivyoichukua, kwa sababu kama ningekuficha ningekuwa nafanya tena kile nitakachokueleza hapa. Lakini nilianza na la kwangu.

Mwaka 1989 profesa wangu alinipa ufunguo wa zile droo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote Marlow kunikabidhi kitu. Kwenye droo ya chini, nyuma kabisa, nilikuta daftari la kijani. Namba, jina, umri, jina la baba. Juu ya ukurasa wa Shule C pameandikwa La Anacua, Texas. Nilisoma majina saba au manane, nikalifunga. Nilijua nikiendelea nitalazimika kumuuliza profesa kama watoto hawa waliulizwa, na nilijua jibu, na nilijua nikilisikia sitahitimu pale. Nilitaka kuhitimu, mwanangu. Nilitaka mno.

Ile kanuni kwamba jino halina jina sikuikuta kitabuni. Niliitunga siku ile, nikaifundisha miaka thelathini kwa watu kama wewe.

Andiko langu la kwanza, la mwaka 1991, lilinipatia kazi. Picha ya pili ndani yake ni meno ya bibi yako. Ulipoandika kuhusu ukucha wa jogoo nilijua unazungumzia nini kabla sijamaliza sentensi. Ulipoandika kwamba unatoka La Anacua, niliukumbuka ukurasa wa Shule C. Kisha nikakuambia usitafute mashangazi kwenye droo. Naona aibu, na siwezi kuisema kwa maneno mazuri zaidi ya hayo.

Daftari lipo bado. Jana tumelitoa, mimi na Kessler. Wewe utanyang'anywa ufunguo wa maabara mpaka Februari na kosa litaandikwa kwenye faili lako. Mimi nimewaandikia wenye jarida kuhusu ile picha. Barua ya kukupendekeza nimeiandika, na nimetaja yote mawili: ulichochukua, na ulichokiona ambacho mimi nilikiona kabla yako nikanyamaza. Ukiitaka nitaituma. Zimebaki siku kumi na mbili.

Bibi yako nimemwandikia leo, kumwomba ruhusa. Chungwa sijalila. Naona halinihusu.

Lorraine


Marlow, 6 Desemba 2022

Daktari Tibbs,

Nilikuwa ndani. Nilikusikia unaongea na mwenzangu, nikakaa kitandani nikasubiri uondoke.

Na mimi nina la kusema. Tarehe 10 Oktoba nilimpigia Bibi kumtania kwamba nimempata ndugu mwenye ukucha. Akanieleza habari ya uji wa waridi na chungwa. Tarehe 20 nililitafuta andiko lako maktaba, kwa sababu nilikuwa najivunia wewe na nilitaka kulisoma. Nikaona picha ya pili, ukucha ule ule. Nilipokuuliza Shule C ni wapi nilikuwa tayari najua, Daktari. Nilitaka kuona kama utaniambia. Nilikuwa nafungua sanduku la barua mara mbili kwa siku. Ukaniambia kumbukumbu hazikutunzwa.

Halafu ukaniita mvivu. Umesahau ulichoniandikia Septemba? Siku utakapomjua mwenyewe, weka kalamu chini. Nilimjua, nikaiweka. Mstari ule ulikuwa wazi kwa sababu nilikutii. Baada ya barua yako ya Novemba ndipo nikachukua soksi.

Kuchukua kulikuwa kosa, Bibi amenisema vya kutosha, na kuhusu chapa kuvunjika nilikudanganya. Ufunguo wachukue. Lakini siombi. Uliniambia nikae kwenye kiti nikatae kuinuka. Ulikaa wewe, miaka yote hiyo, na droo ilikuwa chini ya kiti chako. Sitaki kuwa na miaka hamsini na minane nikaja kugonga mlango wa binti wa mtu na kumwambia naona aibu.

Usitume barua yako.

Yareli


La Anacua, 9 Desemba 2022

Yareli wangu,

Katibu wa parokia simhitaji leo, wewe unasoma lugha ya nyumbani, na maneno mengine si ya kanisani.

Daktari wako ameniandikia. Kurasa nne. Ameniambia jambo la daftari na jambo la picha, hakujipaka mafuta. Mwishoni ameniuliza maswali matatu: kama nataka meno yangu, kama naruhusu yapimwe, na kama nataka ile picha iondolewe au iachwe. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, maharage yakaungua. Miaka hamsini na mitano, na huyu ndiye wa kwanza kuuliza. Amechelewa, lakini ameuliza.

Unaniambia kwenye simu huombi. Sawa, mtu mzima hachungwi. Ila nieleze kitu kimoja, wewe msomi. Ukiondoka, ufunguo anabaki nao nani? Yule Kessler aliyezikuta hivyo hivyo? Mimi siku ile nilikaa mdomo wazi kwa sababu walikuwa wameujaza uji. Wewe mdomo wako hauna kitu, na unataka kuufunga kwa hasira. Hasira unayo haki nayo, hata mimi ninayo. Lakini hasira yangu mimi haiwezi kufungua droo. Ya kwako inaweza.

Nimemjibu Daktari hivi. Naruhusu, kwa masharti. La kwanza, jina langu liandikwe, sitaki kuwa mia na kumi na nne. La pili, waulizwe wote waliopo kwenye daftari, mmoja mmoja, nyumbani kwao, na aje yeye mwenyewe. Avae viatu vipya, Chuy anamsubiri kwa hamu. La tatu, mpimaji wangu awe wewe. Kama si wewe, nayataka juu ya friji yangu na mambo yaishe.

Na umwambie ale lile chungwa, litaoza.

Jambo la mwisho. Majirani wanauliza lini utafungua kliniki. Nimechoka kudanganya. Nipe kitu cha kweli cha kuwaambia.

Bibi


La Anacua, 12 Machi 2023

Daktari Tibbs,

Nimeona ndege yako imechelewa, natumaini ulipata kula. Bibi anasema uliacha mwavuli, na kwamba haurudishi mpaka uje kuuchukua.

Hii ni barua ya mwezi, kwa hiyo naandika ingawa ulikuwa hapa hadi jana. Nilipokutumia ule ujumbe wa neno moja, "Itume", tarehe 14 Desemba, sikuwa nimekusamehe. Nilitaka ujue. Nilituma maombi kwa sababu Bibi aliniuliza ufunguo anabaki nao nani na sikutaka kumkimbia kama nilivyomkimbia yule msichana wa fuvu. Hata leo kuna siku nakukasirikia. Jumamosi, ulipokuwa umesimama kwenye ukumbi wa parokia ukitaja majina ya Shule C moja moja, na kila aliyeitwa unamwambia, "Mimi nililiona daftari lenye jina lako mwaka 1989 nikalifunga," siku ile sikukukasirikia.

Nimehesabu. Kwenye daftari Shule C ina watoto sitini na mmoja. Tumewapata hai thelathini na saba. Ishirini na watatu walikuja. Kumi na saba wamekubali meno yao yabaki yapimwe. Sita wameyachukua. Bwana Garza aliyaweka ya kwake chini kwenye maegesho akayasaga kwa buti, kisha akaomba ufagio afagie. Uliniuliza kwa nini nilikuwa natabasamu. Ni kwa sababu ulienda kumshikia kizoleo. Kumi na wanne waliobaki nitawafuata majumbani, na waliokufa tutawauliza watoto wao. Kessler ametuma barua, ufunguo nimerudishiwa.

Chuy anakusalimu na anasema kiatu chako ni kizuri mno, ndiyo maana alikusamehe.

Bibi jana alitoa meno ya bandia, akayaweka kwenye sahani, akaishika plasta mbele ya mdomo wake na kujitazama kwenye kioo. Kisha akaniambia, "Huyu alikuwa na gego bovu. Liandike na hilo." Sikuwa nimeliona raundi ya kwanza. Ni la kulia, chini, limetoboka hadi ndani. Nimeliandika.

Najua utasema anayemjua mwenye jino hawezi kulipima. Nimeliwaza hilo. Naona tuandike chini ya jedwali ukweli wote, na msomaji aamue mwenyewe kama jicho langu linaaminika. Chuo ulikonipendekeza wamenijibu Ijumaa, wamenipokea. Niliwaonyesha mstari huu, ukiwa bado hauna gego, walipouliza nafanya kazi gani. Bibi amewaambia majirani wote kwamba mjukuu wake anapima meno na hatibu, na foleni ya sebuleni imeisha, ingawa wawili walibaki wakasema watasubiri tu.

Mstari wenyewe ni huu. Uweke mahali palipokuwa wazi.

Eulalia Cantú, miaka kumi na miwili, La Anacua. Jino la pili la juu, kulia: ukucha upo. Gego la chini, kulia: limeoza, aliwaonyesha. Mpimaji ni mjukuu wake. Mwenyewe ameulizwa, amekubali.

Yareli